Muguka hautaki marufuku, unataka masharti

Kila muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, unapotajwa redioni, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa jamaa na majirani. Wananiuliza mimi kwa sababu mbili: mimi ni muuguzi, na kaka yangu ameoa Mbeere, huko Embu unakolimwa. Wanaoijua kazi yangu hutarajia niseme upigwe marufuku kesho asubuhi. Wanaomjua wifi yangu hutarajia niutetee. Nimeona niandike hapa kwa kirefu, nikiulizwa tena niwaelekeze huku.

Msimamo wangu ni huu. Serikali isiupige muguka marufuku, na pia isiuache ulivyo sasa. Iuweke chini ya masharti makali, yanayojulikana na kila mtu mtaani, kisha iyasimamie. Najua neno "masharti" halimpandishi mtu mori kama neno "marufuku". Hakuna atakayeandamana barabarani akilidai. Hata hivyo nimefika hapo kutokana na ninayoyaona zahanati na niliyoyaona shambani, na sitayumba kwa sababu tu wengi wanataka jibu fupi.

Kwa wasomaji wa Tanzania, muguka na mirungi ni mti mmoja, Catha edulis. Watu wa Meru, hasa Igembe, huuza vijiti, na ndiyo miraa. Embu, hasa Mbeere, huchuma majani na vichipukizi laini, na ndio muguka. Kilichomo kinachomchangamsha mtu kinaitwa kathinoni, nacho hupungua nguvu haraka, ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na magari yake hukimbia barabarani kana kwamba yamebeba mgonjwa. Kule kwetu Mombasa muguka ndio uliotawala kwa sababu ni rahisi. Kijana asiye na pesa ya kilo ya miraa hakosi pesa ya mfuko wa muguka.

Hakuna anayekuja zahanati akisema, "Nimeathirika na muguka." Anakuja na kichwa, au moyo unamwenda mbio, au hajapata choo tangu juzi na jana yake. Nampima presha, naikuta juu kwa mtu wa umri wake. Nikimuuliza amelala lini, anatazama ukuta. Midomo imekauka, fizi zimevimba, na magego yameshaliwa na jojo na soda anazotafunia ili kuondoa uchungu. Namwandikia dawa ya tumbo, namwambia anywe maji, alale. Anaitikia kwa adabu, na najua anakwenda wapi akitoka pale.

Wachache huletwa na mama zao. Hao wanasikia sauti, wanaona watu wanawafuata, wamekataa kula kwa kuamini chakula kimetiwa kitu. Mama anasimama nyuma yao ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hao hawanitoki akilini hata nikifika nyumbani.

Si kila atafunaye hufika huko, na tukidanganya katika hilo vijana wataacha kutusikiliza kwa yote mengine. Wapo wazee wetu waliotafuna miraa tangu ujanani, kwenye harusi na barazani, wakafanya kazi bandarini na wakalea watoto wao. Tofauti ipo kwenye kiasi, kwenye umri wa kuanza, na kwenye vile vinavyofuata. Mtu aliyetafuna tangu baada ya chakula cha mchana hadi usiku wa manane hawezi kulala, basi hutafuta cha kumlaza: bangi, au kinywaji kikali cha bei rahisi, au tembe za usingizi zinazouzwa mojamoja bila cheti cha daktari. Asubuhi hajiwezi, anautafuta muguka umwamshe. Mzunguko huo ndio ugonjwa wenyewe, na muguka ni mlango mmoja tu kati ya milango yake. Ukiufunga huo peke yake, tembe bado zipo duka la pili.

Utafiti wa NACADA, mamlaka yetu ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa Wakenya wapatao 965,000 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia miraa na muguka. Katika idadi hiyo wamo madereva wa malori, walinzi wa usiku, wavuvi, wanafunzi, na wabunge pia. Hatuwezi kuzungumza nao wote kama wahalifu.

Sasa niwaeleze kuhusu kibanda, kwa sababu naamini kibanda ndicho kiini cha mambo.

Jirani yangu anauza muguka. Ni mjane, mtu wa watu, mtoto wangu akiugua yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Kibanda chake ni cha mbao na mabati, kando ya njia. Juu ya meza kuna muguka, umefunikwa kwa gunia bichi usinyauke. Kando yake pana jojo, peremende, njugu za kwenye karatasi, soda, sigara za mojamoja, na asubuhi ndoo ya mahamri. Njia hiyo ndiyo iendayo shule ya msingi. Mtoto wa darasa la tatu anatumwa mahamri na mamake, anasimama pamoja na vijana wa baze, wale wa kijiweni, wanaonunua muguka, wanamtania, wanampa njugu. Miaka mitano mfululizo anasimama hapo kila asubuhi. Akifika darasa la nane, hahitaji rafiki mbaya wa kumfundisha. Muguka ameshauzoea kama anavyozoea sukari na majani ya chai.

Nilimwambia jirani yangu atenganishe biashara hizo. Akanijibu, "Dada, nikiuza mahamri peke yake, mwezi haumaliziki nitafunga. Na nikiuza muguka peke yake, watu watanitazama vipi?" Nimelifikiria sana jibu hilo. Mahamri ndiyo yanayoupa muguka heshima, na muguka ndio unaolipia unga wa mahamri. Hakuna anayemlazimisha achague, na yeye peke yake akichagua, kibanda cha mbele kitamchukulia wateja wote.

Sigara za mojamoja pale mezani, kwa taarifa yenu, zimekatazwa na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007. Ziko wazi mchana kweupe. Nalitaja hili ili mtu asidhani kuwa naamini sheria ikishaandikwa kazi imekwisha.

Mnakumbuka Mei 2024. Gavana wetu, Abdulswamad Nassir, alitoa agizo la kupiga marufuku kuingiza, kusafirisha na kuuza muguka katika kaunti ya Mombasa. Kilifi ikafuata, na Taita Taveta pia. Misikitini na makanisani watu walishukuru. Akina mama walishangilia, nami sikuwalaumu. Mama ambaye mwanawe amegeuka kivuli ndani ya nyumba yake hahitaji kusomewa katiba. Alikuwa amesubiri miaka mingi mtu mwenye cheo aseme kwamba uchungu wake ni jambo la serikali.

Lakini agizo lile halikudumu. Wakulima wa Embu walikwenda Mahakama Kuu na likasimamishwa. Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu, gavana Cecily Mbarire akiwemo, akatangaza kuwa maagizo ya kaunti za Pwani ni batili kwa kuwa yanapingana na sheria ya nchi. Na kwa hilo sheria ilikuwa upande wao. Mwaka 2016 miraa iliingizwa katika orodha ya mazao yanayotambuliwa na Sheria ya Mimea ya 2013, na kanuni za mwaka 2023 zikafuata. Huwezi kulitambua zao kitaifa, kisha kaunti moja ilizuie mpakani pake kwa barua.

Sisi wa Mombasa tulikuwa tumeshaonywa. Shisha ilipigwa marufuku Kenya nzima Desemba 2017 kwa tangazo la waziri wa afya. Januari 2024, mahakama ya Shanzu, hapa hapa kwetu, iliwaachilia watu waliokamatwa kwa shisha, kwa sababu kanuni zile hazikuwa zimepitishwa na bunge inavyotakiwa. Marufuku ya haraka hupata makofi ya haraka, halafu wakili mmoja huyabomoa yote.

Katika siku zile chache kabla agizo halijasimamishwa, unajua jirani yangu alifanya nini? Aliuondoa muguka mezani akautia ndani ya ndoo ya mahamri, chini, akaweka karatasi juu yake. Bei ikapanda. Waliokuja kukagua walipewa chochote wakaenda zao. Wateja walikuwa walewale, na watoto wa shule waliendelea kununua mahamri kutoka ndoo ileile.

Kuna jambo jingine la siku zile lililonikera sana. Mazungumzo yaligeuka haraka kuwa "watu wa bara wanatuua." Nilisikia hilo kwenye matatu, nikalisikia kwenye kikao cha harusi, wifi yangu akiwa ameketi pale na sahani yake mkononi. Vijana wetu hawana kazi, mashamba yana mabwanyenye, shule zimefeli, na mambo hayo yana historia ndefu na wahusika wanaojulikana. Kumtwisha yote hayo mwanamke wa Mbeere anayechuma majani ni dhuluma.

Kaka yangu alipokwenda kulipa mahari, nilikuwa miongoni mwa waliomsindikiza hadi upande wa Kiritiri. Nilikuwa na picha ya Embu ya chai na kahawa, baridi na ukungu wa Mlima Kenya. Hiyo ni Embu ya juu. Mbeere ni Embu ya chini, nchi kavu yenye udongo mwekundu, mawe na migunga, inayoteremka kuelekea mabwawa ya Mto Tana, Kamburu na Kiambere. Umeme unaowaka Mombasa mwingine unatoka pale. Mahindi hukauka kabla ya kubeba. Watu wanapanda mtama, ndengu na kunde, na mvua ikikataa hata hivyo havitoki.

Muguka unastahimili. Vichaka hukatwa visirefuke, vikafika kimo cha kifua, ili vichipuze machipukizi mengi yanayofikika kwa mkono. Baba mkwe wa kaka yangu alitutembeza shambani akiwa na fimbo yake. Alituambia, "Mahindi nitauza mara moja kwa mwaka, Mungu akipenda. Huu nauza kila wiki." Wifi yangu na nduguze wote walisomeshwa na vichaka vile, na mmoja wao sasa ni mwalimu. Nyumba ile ya mawe, tangi la maji, ng'ombe wa maziwa, vyote ni muguka. Na mzee mwenyewe hatafuni. Nilimuuliza kwa nini, akacheka, akasema yeye hulala saa mbili.

Nilikaa pale nikiwa na moyo mzito, kwa sababu niliwapenda watu wale na nilijua majani yao yanakwenda wapi. Vilevile niliona mambo mawili ambayo wateja wa Mombasa hawayaoni. Siku ya kuchuma baadhi ya watoto hawakwenda shule, kwa kuwa mikono midogo huchuma haraka. Na katika shamba la jirani nilimwona kijana mwenye bomba la dawa mgongoni, anapulizia. Nikauliza wanasubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Nikajibiwa, "Inategemea soko."

Naomba msomaji asipite haraka hapo. Majani haya hayapikwi. Hufika Mombasa baada ya safari ya zaidi ya kilomita 600, yakiwa yamenyunyiziwa maji njiani, na huingia mdomoni kama yalivyo, yakakaa shavuni kwa saa nyingi. Tunabishana miaka na miaka kuhusu kathinoni, na sijasikia mtu akiuliza juu ya dawa ya wadudu. Zao hili likipigwa marufuku, swali hilo halitaulizwa kamwe, kwa sababu hakuna mkaguzi anayepima ubora wa kitu kilichofichwa chini ya mahamri.

Wanaotaka marufuku hunitolea mfano wa Tanzania. Kule mirungi ni dawa ya kulevya kisheria, chini ya sheria ya mwaka 2015, katika sheria ileile inayoshughulikia bangi na heroini. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeteketeza mashamba huko Same, kwenye milima ya Upare. Nina binamu Tanga, na tumelijadili hili. Anasema, na sikatai, kwamba vijana wa kwao hawatafuni kwa wingi kama wa kwetu. Ni ghali, na inatisha. Marufuku hupunguza watumiaji, huo ni ukweli na nauheshimu.

Lakini binamu huyohuyo anajua mirungi inapatikana wapi akitoka nyumbani kwake. Inavuka kwa pikipiki kupitia njia za panya, upande wa Taveta na upande wa Lunga Lunga. Na kuna kijana wa mtaani kwao aliyekamatwa amebeba, akafungwa, na jela akakutana na watu wa unga, yaani heroini. Alipotoka, mirungi aliiona kitu cha watoto. Kwa hiyo ninapopima faida ya marufuku, napima pia wale inaowazamisha zaidi. Uganda nayo imeichukua njia hiyo. Mahakama yao ya Katiba iliifuta sheria yao ya dawa za kulevya mwaka 2023 kwa kuwa bunge lilikosa akidi ilipopitishwa, na miezi michache baadaye wabunge wakaipitisha upya, mairungi ikiwa ndani.

Uingereza ni mfano unaoniuma zaidi, kwa kuwa walikuwa na wataalamu na hawakuwasikiliza. Baraza lao la ushauri kuhusu dawa za kulevya liliichunguza miraa, na Januari 2013 likashauri isipigwe marufuku, kwani ushahidi wa madhara haukutosha. Theresa May, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akaipiga marufuku hata hivyo, kuanzia tarehe 24 Juni 2014. Uholanzi walikuwa wametangulia. Mji wa Maua, kule Meru, ulitegemea ndege zilizoipeleka miraa huko. Tangu hapo soko kubwa la nje likabaki Somalia, ambayo nayo ilifunga mlango mwaka 2020 na kuufungua 2022, kila siasa za nchi mbili zikiharibika au zikitengenea. Mkulima wa Meru amejifunza kusoma habari za kimataifa kwa lazima.

Sisi Wakenya tuna somo letu wenyewe, wala hatuhitaji kuvuka mpaka. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Kwa miaka 30 ilipikwa mitoni usiku, ikauzwa kwenye mitungi, na askari wakawa wanapitia chao. Mwaka 2000 huko Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 ikaja sheria mpya ya vileo, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeisukuma. Ikaifuta ile marufuku, ikasema chang'aa inaweza kutengenezwa kwa leseni, ikaweka saa za kuuza, ikaweka mita 300 kutoka shuleni, ikaweka umri wa miaka 18.

Je, watu waliacha kufa? Hapana. Mei 2014 pombe yenye sumu iliua watu wasiopungua 80 katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo. Februari 2024 wengine walikufa Kirinyaga, na ilisemekana kinywaji kile kilitoka kwenye vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa kituo cha polisi. Wanaonipinga hunitupia hayo usoni, na wana haki. Jibu langu ni kwamba tangu 2010 tunajua nani alipewa leseni, tunajua kosa ni lipi, na tunaweza kumdai mtu jina lake. Mwaka 2000 hapakuwa na wa kumdai. Na kila mtoto wa Mombasa anajua baa haifunguliwi asubuhi na haijengwi ukutani mwa shule yake. Mwambie mtoto huyohuyo akutajie sheria ya muguka, hatakuwa na la kusema. Sheria inayoutambua muguka ni ya kilimo. Inamwangalia hasa anayepanda. Anayetafuna akiwa na miaka 14 bado hana wa kumwangalia.

Kwa hiyo mkiniuliza ninataka nini, ninataka kwanza muguka utoke kwenye kibanda cha mahamri. Uuzwe katika duka lake, lenye leseni yake, lisilouza peremende wala chochote kinachomvuta mtoto, mbali na shule kwa zile mita 300 tulizozizoea. Leseni iwe ya bei ambayo jirani yangu ataimudu, vinginevyo tutakuwa tumeichukua biashara ya wajane tukawapa matajiri wawili watatu wenye malori. Anayemuuzia mtoto apoteze leseni hiyo, na ipotee kweli.

Kuhusu saa za kuuza, siafikiani na wale wanaotaka tunakili sheria ya pombe. Kuanza kuuza jioni ni kosa kwa muguka. Muguka unaoanzwa jioni ndio unaokesha na mtu, na usiku ule ndio unaomleta kwangu siku ya pili. Afadhali uuzwe mchana na maduka yafungwe adhana ya magharibi. Kila muuguzi anayefanya zamu za usiku ataniunga mkono hapa.

Kisha mfuko uwe umefungwa, umeandikwa uzito, kikundi cha wakulima ulikotoka, siku ulipochumwa na siku shamba lilipopuliziwa dawa. Wakulima wa kahawa na chai hukaguliwa, kwa nini wa muguka waachwe? Baba mkwe wa kaka yangu nilimweleza wazo hili. Hakulipenda sana, lakini alisema akiambiwa bei itakuwa nzuri kwa mfuko safi, atasubiri hizo siku.

Bangi sitaiingilia kwa kirefu leo. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandaa mswada wa kuihalalisha kabla ya kufariki mwaka 2019, na naona ulistahili mjadala wa utulivu kuliko kejeli ulizopata.

Unga ni jambo jingine kabisa, na mtu asinukuu makala haya kuutetea. Pwani hii tumezika. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi baharini upande wetu, na Agosti mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alishuhudia meli iliyobeba heroini ikilipuliwa baharini. Heroini haina mkulima wa Kiritiri wa kumhurumia wala kipimo salama cha kuuzwa dukani. Wanaoileta wakamatwe. Hata huko, lakini, aliyenaswa na uraibu si wa kutupwa jela. Ureno iliacha kuwashtaki watumiaji kama wahalifu mwaka 2001, ikawapeleka mbele ya kamati zinazowaelekeza kwenye matibabu, huku biashara yenyewe ikibaki kosa. Kwetu Malindi ilianza kutoa methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, mwaka 2015, na nimewaona kwa macho yangu mateja waliorudi kuwa baba za watoto wao. Dozi ya kila siku, muuguzi anayekujua kwa jina, mlango usio na askari. Mtumiaji wa muguka aliyechanganyikiwa hana kitu kama hicho. Namwandikia barua ya rufaa, na mama anaikunja anaitia mkobani, na mimi na yeye tunajua foleni ilivyo huko anakokwenda.

Kaunti hutoza ushuru kwa magari ya muguka yanayoingia. Pesa hizo tunazipokea tangu zamani, na tulizipokea hata wakati tunalia kwamba muguka unatumaliza. Bajeti ijayo ikiletwa kwa wananchi kutoa maoni, nitakwenda niulize hadharani ni shilingi ngapi za ushuru huo zimeajiri muuguzi wa afya ya akili, na katika zahanati ipi. Jirani yangu amesema atafunga kibanda asubuhi hiyo tuende naye. Wifi yangu anakuja pia. Nyinyi mnaotaka marufuku, swali hilo ni lenu vilevile. Maoni ya maandishi hupokelewa, kwa wasioweza kufika.